Kidole Kilichoelekea Theluji

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilinyooshea mlima kidole, na saa naikumbuka: saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, Desemba 2014.

Siku iliyotangulia baba mdogo alikuwa amekuja Kasese kunichukua, likizo nikaitumie kwa nyanya, juu ya Bwera. Ni kijiji cha zamani sana. Wazee walipanda huko kukimbia vita, wakajenga kileleni kabisa mwa kilima kinachotazamana na mlima, nyumba zimebanana, na njia ya kupandia ni moja, nyembamba, ya ngazi za mawe. Wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Sehemu ya mwisho baba mdogo alinibeba mgongoni.

Nyanya alinipokea na onyo. "Mlima usionyeshe na kidole. Iko na wenyewe. Ukionyesha wanafunga mawingu, na mwenye iko kule juu anapotea."

"Na kama kule juu hakuna mtu?"

Mama mdogo, mke wa baba mdogo, mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, alicheka. "Huyu ni mutoto ao ni mwalimu?"

Kesho yake alfajiri baba mdogo alikwenda msituni kukata mianzi. Mawingu yalipofunguka nilikuwa peke yangu uani. Sikuwa nimewahi kuiona theluji. Mkono uliinuka kabla sijafikiri.

Saa sita ukungu ukashuka, kisha mvua. Saa kumi na moja jioni baba mdogo alikuwa hajarudi, na simu yake haikupatikana. Nyanya akatutazama. "Kuna mutu ameonyesha mlima?"

"Hapana," nilisema, upesi mno.

Usiku sikulala. Nilisikia mama mdogo akifungua mlango mara nne.

Jumapili, saa moja kasoro dakika ishirini, nilimkuta jikoni akipuliza moto.

"Mama mdogo, ni mimi. Nilionyesha."

Hakugeuka. "Na kidole gani?"

"Hiki."

"Kimoja tu? Mimi nilionyesha na mukono yote, ile siku walinileta hapa bibi arusi. Bwana yangu naye alikuwa kule juu. Alirudi." Lakini aliutazama mlango tena. "Nyanya yako sikumuambia mpaka leo. Wewe fanya vile unaona."

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilisoma jinsi mawingu yanavyopanda mlimani mchana, naweza kuyachora. Baba mdogo alirudi Jumapili hiyo saa nne asubuhi, kifundo cha mguu kimevimba, baada ya kulala usiku kucha chini ya mwamba. Angefika mapema, nadhani ningenyamaza, na hadi leo ningekuwa mtu anayesema "hapana" upesi. Bado wasiwasi hunikamata kirahisi. Ila najua hofu ile haikuwa ya mlima tu; nilimwogopa zaidi nyanya.

Lakini asubuhi ile, kabla hajarudi, hakuna aliyejua kama yuko hai. Nilivuka ua wenye matope, nikabisha mlangoni kwa nyanya, na alipouliza ni nani, nikataja jina langu.