Kila Nikifuta, Namba Nne Inatuma Nyingine

Wanaonijua wanajua siwezi kumaliza dakika mbili bila utani. Leo sitanii, na hilo peke yake linatosha kuwatisha.

Ilianza na picha nyeusi tii.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani, hapa Moshi mjini. Wenzangu wanapanda Kilimanjaro, mimi napanda ngazi za ofisi. Pumzi zinatuishia sawasawa.

Kampuni ina vishikwambi vichache, vyote vya kushea. Hakuna cha mtu mmoja. Unachukua chenye chaji, unaondoka nacho. Ukipiga picha kwenye kimoja, kikinusa mtandao tu, picha inajitokeza kwenye vyote. Ukifuta kwenye kimoja, inafutika kwenye vyote.

Hilo la pili lishike vizuri.

Zamani vilikuwa na kila kitu. Halafu bosi wetu, Dada Pamela, akatufuma tunaangalia mpira saa za kazi. Akafunga vyote, ikabaki kamera na picha. Hupigi simu, hutumi ujumbe.

Kazi yangu ni kukaa na kishikwambi namba moja na kuchambua. Mgeni anacheka kileleni, baki. Kidole kimeziba lenzi, futa.

Asubuhi hiyo nilikuwa na chai na chapati. Ikaingia ile picha nyeusi. Pembeni imeandikwa 4, maana yake imetoka kishikwambi namba nne.

Futa.

Sijamaliza kutafuna, ikaingia nyingine. Ukungu mtupu, na tawi limeingia pembeni kama mkono wa mtu.

Futa.

Ikaja ya kiatu. Kimoja, kwenye matope, ncha yake imegeukia upande ambao mguu mzima haugeukii.

Hiyo niliiangalia kidogo. Nikafuta.

Ikaja nyeusi tena. Nikafuta. Ukaja ukungu tena.

Chapati ikaanza kunishinda. Ilikuwa kama kuna mtu naongea naye. Mimi nafuta, yeye anajibu.

Nikajisemea, huyu ni Jovin. Jovin anatunza stoo ya mahema, na wiki iliyopita nilimfungia viatu kamba kwa kamba akiwa amesinzia. Nikamfuata.

"Oya, utani wako nimeuona. Sio mbaya kwa mtu anayejifunza."

"Utani gani?"

"Namba nne. Ilete."

Jovin hakucheka. "Namba nne iko mlimani na Filemon. Mimi leo sijagusa kishikwambi chochote. Kwani kuna nini?"

Nikarudi kwenye kiti. Nikakuta picha mpya inanisubiri.

Kiganja cha mkono chenye matope. Juu ya kiganja, jani la isale. Limefungwa fundo.

Kwa msiotoka huku: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Ukimkosea mtu mpaka hataki kukuona, unafunga jani lake fundo, unampelekea kuomba msamaha. Hata kama alikula kiapo, akiletewa isale hakatai. Sisi vijana wa simu janja tunatania kila kitu, lakini hilo hatulichezei.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kufuta. Kikagoma.

Kwenye kampuni nzima kuna mtu mmoja tu aliyekuwa haongei na mimi. Wenseslaus, mpagazi, jirani yangu kule Kibosho. Siku ya Pasaka nilimpiga picha amelala kanisani mdomo wazi, nikaitengenezea stika, ikaenea mpaka kwa wakwe zake. Tangu hapo nikimsalimia anaangalia mgomba.

Lakini hapo ndipo hesabu ilipogoma.

Mimi ndiye niliyemkosea yeye. Isale lilitakiwa kutoka kwangu. Mtu asiye na kosa anakutumiaje isale, kama siyo anataka kuondoka duniani bila deni na mtu?

Nikafungua kapu la picha zilizofutwa, nikazirudisha zote, nikazitazama kwa mpangilio. Kiatu nikakivuta karibu. Kamba yake ni ya manjano. Ile kamba nimeshaitania mara nyingi. Ni ya Wenseslaus.

Na zile nyeusi hazikuwa nyeusi kabisa. Ukiongeza mwanga unaona majani, na juu sana, kipande kidogo cha anga. Ni picha za mtu aliye shimoni anayeangalia juu.

Nikampigia Filemon, kiongozi wa msafara. Alikuwa anateremka na wageni, amekaribia geti la Mweka.

"Kaka Filemon, namba nne uko nayo?"

"Namba nne? Nilimpa Wenseslaus jana mchana ailete ofisini. Nilimruhusu atangulie, si mkewe amejifungua. Hajaileta?"

Nikakata, nikampigia Magreth, mke wa Wenseslaus.

"Shemeji, hongera. Baba mtoto yupo hapo?"

"Atakuwepo vipi na yuko mlimani? Si mmempeleka wenyewe?"

Nyuma yake nilisikia kichanga kinalia. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Yaani mlimani walijua yuko nyumbani. Nyumbani walijua yuko mlimani. Ofisini hatukujua chochote, na mimi ndiye niliyekuwa nikifuta.

Nikampigia tena Filemon, nikamwelezea kila picha. Nilipofika kwenye jani akanikatiza.

"Isale, una uhakika? Kule juu kambini haliwezi kuota. Masale ya mwitu yako huku msituni, kwenye korongo, chini ya ile njia ya wakata majani. Amepita njia ya mkato, huyo. Alikuwa anawahi mtoto."

Nilimwambia Jovin asiguse kishikwambi chochote hata kwa kufuta vumbi. Nikachukua bodaboda hadi Mweka, namba moja nimeikumbatia kifuani. Njia nzima nasubiri picha nyingine. Hata nyeusi. Ile nyeusi ya asubuhi ningeifanya fremu.

Haikuja. Namba nne ilikuwa imenyamaza.

Tuliingia msituni na Filemon na wapagazi wake. Hakuna aliyetania. Tukaita, msitu ukanyamaza. Tukaita tena. Halafu kutoka chini kabisa tukasikia jiwe likigonga gogo, taratibu, kama mtu anayepiga hodi akiwa amekata tamaa ya kufunguliwa.

Alikuwa ameegemea shina, midomo ya kijivu, mguu mmoja umevunjika vibaya, mkono wa kushoto haunyanyuki. Simu yake ilipasukia kwenye mawe alipoanguka. Kishikwambi kilikuwa mapajani, kimezima chaji. Jani la isale bado lipo kiganjani.

Tulipomlaza kwenye machela nikapiga magoti. Machozi yananitoka, sikujali nani ananiona.

"Wenseslaus, isale lako nimelipokea. Yameisha, ndugu yangu."

Akafumbua jicho moja.

"Isale langu la nini? Mimi nikuombe wewe msamaha kwa kosa gani?"

Wapagazi wakaangalia pembeni.

"Sasa ulilituma la nini?"

Kila neno alilitafuta.

"Nilikuwa napiga picha, zinakaa kidogo, zinapotea. Moja moja. Nikajua mtandao upo. Na huko chini kuna mtu anafuta. Na ofisini anayefuta ni mmoja tu."

Nikavua koti, nikamfunika.

"Nimekaa hapa naona mguu wangu unafutwa. Nikajiuliza, huyu mtoto wa Kibosho, pamoja na ujinga wake wote, ni kitu gani hawezi kukifuta?"

Alifunga jicho. "Nikalifunga fundo kwa meno."

Sasa hivi yuko wodini, mguu umefungwa, mtoto analetwa anamwangalia. Nilimpelekea isale mwenyewe, la kutoka kihambani kwetu. Alilipokea. Akaniambia nilishike karibu na uso wangu, akanipiga picha nikiwa nimevimba macho. Imeshakuwa stika. Iko kwenye magrupu yote, mpaka kwa mama yangu. Tuko sawa.

Ila wewe unayesoma, unapofuta mambo ya watu bila kuangalia mara mbili, picha, ujumbe, simu usizopokea, kumbuka hili moja. Picha mbaya huenda imepigwa na mtu aliyebakiwa na mkono mmoja. Na kule iliko, anaiona ikipotea.