Ubao wa Tezi wa Mwanaidi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, maji yamekupwa pale Msambweni, baba yako Hamisi akashuka pwani na mashine mpya ya mashua. Wanaume wawili wameibeba kwa mti, naye yuko mbele kama anayeongoza arusi. Wewe ulikuwa ungali tumboni. Mimi, dada yake, nilikuwa nikikaanga samaki kando ya banda, kwa hiyo nitakayokwambia niliyasikia kwa masikio yangu.

Ile mashine ya zamani, ya nguvu za farasi kumi na tano, ilikuwa imechoka. Waivuta kamba mpaka bega lalegea, ndipo ikohoe. Hii mpya ilikuwa ya arobaini. Hamisi alitaka kuwatangulia wenzake kurudi, kwani wanunuzi wa hoteli za Diani walikuwa wakichukua samaki wa chombo cha kwanza, kisha wanaondoka zao. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Mwanamume mwenye mke mjamzito hutaka kufika mapema.

Mzee Bakari, ami yake baba yetu, ndiye aliyeiunda mashua yetu Mwanaidi, enzi ikienda kwa tanga. Alizunguka nyuma, kwenye ubao wa tezi, pale mashine hufungwa, akachomeka kisu. Kikazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha.

"Hamisi, huu umeoza," alisema. "Usiifunge hiyo mashine."

"Babu, tumeuona. Tutabandika ubao mpya kwa nje, tukalafati nyufa kwa pamba na mafuta ya sifa, tupake na rangi. Hata wewe hutaujua."

"Nitaujua, na bahari itaujua. Wewe wamvisha mgonjwa kanzu mpya, kisha wataka kumtwika gunia."

Vijana wakacheka. Hamisi akaubusu mkono wa mzee kwa adabu zote, halafu akaendelea kukaza bolti. Ndivyo tulivyo watu wa huku, mwanangu. Twampa mzee shikamoo, twambusu mkono, twamwekea na kiti, kisha twafanya tulilokwisha kulipanga. Mzee Bakari alijifuta mikono akaenda zake msikitini, na sikumsikia akilirudia neno lile.

Tena ile mashine ilikwenda, usidhani haikwenda. Mwanaidi ilikuwa ikirudi ya kwanza, samaki wangali wanaruka, na watu wakamtania mzee wa watu kwamba macho yamemwishia. Kila ikikimbia, maji yalikuwa yakiingia kidogo pale tezini. Hamisi alikuwa akiyakumba nje kwa kopo, haoni taabu.

Siku yenyewe hapakuwa na dhoruba. Wengi wamekwambia dhoruba, nami niliwaacha waseme, maana mama yako alipata nafuu kwa kuambiwa hivyo. Walikuwa wakirudi, wakafika kwenye mlango wa mwamba, upenyo wa kuingilia pwani, mawimbi yakawa ya kawaida tu, Hamisi akaizidishia mashine moto ili wapite upesi. Ubao wa tezi ukang'oka, ule wa zamani pamoja na ule wa kubandika, ukazama na mashine. Wenzake walishika madumu wakaokoka. Hamisi alijaribu kuishika mashine isipotee, kamba yake ikamzonga mkono. Tulimpata pwani ya Gazi, bado kamba iko mkononi.

Mazikoni Mzee Bakari hakumwambia mtu kwamba alionya. Alinikuta jikoni nalia, akasema, "Nilisema mara moja nikanyamaza, nikaona ni utu uzima. Ningeikalia ile mashine." Hakushika tezo yake ya kuchongea vyombo tena mpaka anakufa.

Sasa wewe nawe umenunua ya arobaini, ukaiweka chumbani mwangu kwa kuwa nyumba yangu iko karibu na pwani. Na Mwanaidi ni ile ile iliyovutwa pwani siku ile. Ubao iliowekewa baada ya msiba nao umezeeka, na juzi nilikuona ukiupaka rangi.

Nasaha yangu ni hii. Mashine haichaguliwi dukani, huchaguliwa pwani, chombo kikiwa juu ya magogo. Mwite fundi, achomeke kisu nyuma. Akisema ubao ubadilishwe, ubadilishwe wote, usibandike. Akisema mbavu za chombo hazitahimili arobaini, irudishe. Mwenye duka wa Ukunda amekwambia atakubadilishia maadamu haijaonja maji ya chumvi. Chukua ya kumi na tano, na wanunuzi wakikukosa, niletee samaki mimi nikaange.

Mwenyezi Mungu akujaalie umri ambao baba yako hakuupata, akurudishe kila siku, hata uwe wa mwisho kufika. Nakuombea hivyo kila swala. Lakini kesho ukija kuichukua mashine, mwanangu, usinibusu mkono. Utanikuta nimeikalia, na sitainuka mpaka nimwone fundi.