Kumfuata Kipa Hadi Houston

Nilifunga safari ya Houston kwa sababu ya mechi moja ya mpira niliyoitazama Uvira, mji tuliokulia, karibu miaka thelathini iliyopita. Mechi hiyo haikumalizika. Kipindi cha pili risasi zililia upande wa milimani, watu wakatawanyika, na tangu saa ile sikumwona tena baba yangu. Mwezi uliopita kwaya kutoka Houston ilitembelea kanisa letu hapa Dallas, na mwimbaji mmoja akamtaja mzee Bahati wa mtaa wa Alief kwao Houston, aliyekuwa kipa siku ile. Niliomba namba yake, nikampigia.

"Njoo," aliniambia. "Mambo haya si ya simu."

Jumamosi, saa moja asubuhi, tuliondoka mtaani kwetu Vickery Meadow. Kisukari kimeniharibu macho, kwa hiyo binti yangu Esther ndiye aliyeshika usukani. Tulipofika Corsicana tukasimama kuweka mafuta. Aliporudi na kahawa aliniuliza nitamwuliza nini huyo mzee.

"Kama babu yako alikufa palepale uwanjani," nikasema.

Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba siku zote nimewaambia niliuona mwili. Akawasha gari.

Baada ya Corsicana barabara ni ndefu na haina la kutazama, nikabaki na yale niliyoyakimbia. Baba alikuwa na mguu mmoja mbovu, akitembelea fimbo. Kila mechi nilimshika mkono tukaenda pamoja. Risasi zilipoanza nilimvuta hatua chache, kisha nikamwachia. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua kukimbia. Jioni ile nilivuka mpaka nikaingia Burundi, nikamkuta dada yangu Furaha amefika kabla yangu. Aliponiuliza baba yuko wapi, nikamwambia amekufa, nimeuona mwili. Nimejiambia miaka yote kwamba nilisema hivyo ili asirudi kwenye hatari. Ukweli ni kwamba sikutaka aniombe turudi wote.

Saa tano tuliingia Alief. Mkewe Bahati, Mama Neema, alitufungulia mlango, akamchukua Esther jikoni. Bahati alikuwa amekaa kitini na blanketi magotini. Figo zake zimechoka, na mara tatu kwa juma husafishwa damu hospitalini. Vidole vyake vimepinda kwa miaka ya kukata kuku kiwandani.

"Mlisimama nyuma ya goli langu," alisema. "Papa yako, mzee wa fimbo, alinitukana tangu mpira ulipoanza. Eti nimeota mizizi pale golini."

Tulicheka kidogo. Kisha akanitazama.

"Hakufia uwanjani, ndugu yangu."

Nikamwomba aniambie yote.

"Nilirudi kutafuta viatu vyangu, nikamkuta kando ya mlingoti wa goli. Watu walikuwa wamemkanyaga, nyonga imevunjika. Nikambeba mgongoni mpaka kwa mama yangu. Aliishi siku tisa."

"Hamkupata dawa?"

"Dawa ya wapi? Alihitaji kubebwa avushwe, apelekwe hospitali Bujumbura. Siku ya tatu mji ulitulia, wengine wakarudi kuchukua watu wao. Sisi tulikuwa na mama mgonjwa, hatukuweza. Kila aliyepita mlangoni papa yako alimwuliza kama amekuona."

"Alisema nini juu yangu?"

Bahati akavuta blanketi lake. "Alisema mtoto wake hawezi kumwacha, kwa hiyo lazima risasi ilikupata. Alikulilia. Alikufa akijua wewe ndiye uliyekufa."

Nikauliza alikozikwa. Akasema walimzika nyuma ya nyumba, lakini mto ulifurika miaka ya karibuni, ukachukua nyumba na kiwanja chote.

Mama Neema aliweka mezani ugali na sombe, kisamvu cha kwetu. Nilikula, kwa sababu kukataa chakula cha mwenyeji ni aibu, na siku ile sikuwa na nafasi ya aibu nyingine. Bahati alinishika mkono kwa vidole vyake vilivyopinda, akanipa pole. Alidhani anamfariji mtu aliyepotezana na baba yake katika msongamano. Sikumsahihisha.

Saa saba tuligeuza kurudi. Kabla ya kufika Huntsville nilimweleza Esther kila kitu. Aliegesha gari pembeni, akanigeukia. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Shangazi lazima ajue," akaendesha tena.

Saa kumi na mbili jioni tulifika Lewisville, karibu na Dallas, nyumbani kwa Furaha. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni, maana nilijua nikiketi nitashindwa.

"Siku tisa," alisema.

"Ndiyo."

"Siku ya nne nilikuwa nimefunga mzigo. Nilikuwa nimepata watu wa kurudi nao tukamzike. Ukanizuia. Ukaniambia nitaenda kuchukua nini, mifupa?"

"Nakumbuka."

"Watu wale walikuwa na machela, kaka." Hakupaza sauti. "Nenda nyumbani."

Nilikwenda Houston nikitafuta shahidi wa kifo cha baba. Nilichojifunza ni kwamba kumwachia mkono hakukumwua. Kilichomwua ni neno langu kwa dada yangu, na neno hilo nilikuwa na siku tisa za kulifuta. Sasa ni wiki ya tatu. Nampigia Furaha kila siku akitoka kazini. Simu inaita mpaka inakatika.