Mama Fimbo wa Rashi Mpya

Watu wa kuchagua kwenye ile gemu ya ngumi walikuwa kumi na wanane, na Agustina aliwajua wote kama unavyowajua wapangaji wenzako wa ua mmoja. Alijua nani ana ngumi nzito lakini kugeuka kwake ni shida, nani anaruka vizuri ila akiguswa mara mbili tu damu imekwisha, nani anataka vidole vya mtu aliyecheza miaka. Mwenyewe hakuwa mchezaji. Alikaa tu kwenye kona ya banda la turubai, mtoto mgongoni, akilinda betri ya sola na televisheni, na macho hayakuwa na kazi nyingine.

Banda lilikuwa Rashi Mpya, machimbo ya dhahabu yaliyoota ghafla upande wa Tarime, mahali ambapo miezi minane nyuma kulikuwa na mihogo na mbuzi. Mtu mmoja aliokota jiwe lenye kung'aa, habari ikatoka, na kabla mvua hazijaisha kilima chote kilikuwa kimetobolewa maduara, yale mashimo ambayo watu hushuka kwa kamba kufuata dhahabu. Agustina na mumewe Waitara walitoka Kenyamonta. Waitara aliuza ng'ombe wawili wa plau. Agustina alikuwa na cherehani, akabadilishana na Ashrafu, fundi redio wa Mugumu, akapewa mashine ya gemu yenye pedi mbili, moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Watu walimcheka. Yeye aliwaza kwamba kwenye rashi hakuna anayeshona nguo, zinachanika zikiwa mwilini hadi ziishe, lakini wanaume wakitoka shimoni wanatafuta mahali pa kukaa.

Kulikuwa na neno moja kati yake na mumewe, nalo walikubaliana siku ya kwanza, kabla hata ya kusimamisha nguzo. Waitara afanye kazi za juu: kuzungusha winchi, kupakia mifuko ya mawe, kulisha karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Chini hashuki. Agustina alikuwa na kaka yake, Kornelio, aliyeshuka kwenye rashi nyingine mwaka ambao Agustina alimaliza la saba, na waliokwenda kumtafuta walirudi na kandambili moja. Waitara aliijua hiyo kandambili. Mama yake Agustina aliitunza juu ya kabati.

Basi alikaa na ahadi yake miezi sita. Lakini kwenye rashi mtu wa juu ni nusu mtu. Walioshuka walikula kwanza, yeye akasogezewa mchuzi. Wakizungumza habari za chini, akifungua mdomo walimwangalia kama mtoto aliyeingilia kikao. Jioni akija bandani kwa mkewe ndiyo mbaya zaidi, maana huko nako alipigwa, kwenye gemu.

Alikuwa akichagua Lori. Kila mgeni alichagua Lori. Lilikuwa jitu lenye kifua kama cha fahali, na mtu akiliona anajua tu kwamba hili linashinda. Kumbe ili Lori apige ngumi moja ya maana lazima ubonyeze vitufe vitatu kwa mpangilio, na mpaka umalize kubonyeza umeshalala chini. Sheria ya banda ilikuwa anayeshindwa anaachia pedi. Waitara aliishika muda wa kumeza mate, akainuka.

"Mura," Nyangwine alimwambia siku moja, na huyo Nyangwine ndiye aliyekuwa bingwa pale tangu Krismasi, "hata kwenye tivii unaogopa kushuka?"

Banda zima lilicheka. Waitara naye alicheka, na Agustina akaona vidole vyake vikipapasa mshono wa suruali. Usiku ule ule, wakati wanakunja turubai, alimwambia mkewe kwamba atashuka mara moja tu, wamwone, halafu basi.

Agustina aliendelea kukunja turubai. Alijua akimkatalia kwa maneno atakuwa ameongeza mtu mwingine wa kumdharau. Akafikiri mpaka akaona kama amepata dawa. Huyu mtu anataka kushinda mahali. Akipata pa kushinda, hata padogo, hapa hapa mbele ya wenzake, hatatafuta pengine.

Kesho yake mchana, wakati wachezaji wote wako chini na bandani hakuna mtu, alimwita mumewe kutoka kwenye winchi kuja kula. Alipomaliza kula akampa pedi, akamsogezea kwenye kioo mwanamke mwembamba mwenye gauni refu na fimbo ndefu kuliko yeye.

"Chagua huyu."

"Huyu mwanamke."

"Ni mwanamke. Na ana fimbo. Wewe si umeshika fimbo tangu una miaka mitano?"

Waitara alitazama nje kwanza, kama kuna anayepita. Agustina akamwelekeza alichokiona kwa miezi yote ile ya kukaa kwenye kona. Fimbo inafika kabla ya mkono wa mtu, kwa hiyo usimfuate. Simama. Mwache aje mwenyewe, kama unavyolisubiri dume lenye hasira, halafu bonyeza hiki kitufe cha juu. Ukichanganyikiwa, bonyeza hicho hicho. Hana siri nyingine. Huyu ndiye mtu wa mgeni kuanzia, ila wanaume wanaona aibu kumgusa.

Walicheza hadi betri ikaanza kulia. Mtoto wao, Robi, mwenye mwaka na miezi minne, alisimama katikati yao akipiga makofi kila fimbo ilipozunguka. Waitara alicheka hadi akajifuta macho. Agustina alimtazama akaona sura ya yule kijana aliyekuja kumposa, na moyo wake ukatulia.

Jioni walipomwona anamchagua mwanamke ilikuwa vurugu. Waitara kajificha kwenye gauni. Waitara anapiganiwa na shemeji. Akampiga wa kwanza, wakanyamaza kidogo. Akampiga wa nne. Alipompiga Nyangwine mara mbili mfululizo hakuna aliyecheka tena, na yule mwanamke akapewa jina, Mama Fimbo. Siku nne pedi haikumtoka mkononi ila kwa hiari yake. Kwenye chakula wakaanza kumwekea nyama. Agustina aliyaona hayo yote, akajisemea kwamba amemponya mume wake.

Siku ya tano akaja mzee Kisyeri.

Kisyeri ndiye alikuwa mwenye duara ambalo Waitara alizungusha winchi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na utaratibu wake: vijana wake wakifikia mwamba mpya, wa kwanza kuugonga hawi mwenye nguvu wala mzoefu, anatafutwa mwenye nyota. Mara ya kwanza alimpa nyundo mtu aliyekuwa ameokota simu njiani, na kweli siku hiyo walipata. Tangu hapo hakuna aliyebishana naye. Sasa duara lilikuwa limefika kwenye jiwe jeupe lenye michirizi, na mzee alikuwa anatafuta mtu.

Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akamtazama Waitara akiwapiga watu saba. Kisha akamnyooshea kidole.

"Huyu."

Agustina aliinuka. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa, akaomba kusema. Alieleza kwa adabu kwamba mume wake hana nyota yoyote, aliyeshinda ni yule mtu wa kwenye gemu, ameumbwa awe rahisi, yeyote akimshika anashinda. Alipoona mzee anatabasamu tu, alifanya jambo ambalo baadaye alilirudia kichwani kila siku. Alimshusha Robi mgongoni, akamkalisha kwenye benchi, akamwekea pedi mapajani, akamchagulia Mama Fimbo. Akamwomba Nyangwine acheze kweli, asimwonee mtoto huruma.

Nyangwine alicheza kweli. Robi alikipiga kile kitufe cha juu kwa kiganja kizima, kama anaponda kitu. Fimbo ikazunguka, Nyangwine akaingia akapigwa, akaruka akapigwa akiwa hewani. Alipojaribu kurudi nyuma damu yake ilikuwa imekwisha.

Nyangwine akaweka pedi chini.

"Umeona, mzee," Agustina alisema. "Hata mtoto. Siyo nyota."

Kisyeri alimsogelea Robi. Halafu akamwekea mkono kichwani, taratibu kabisa, kama anambariki.

"Nimeona, mama. Ya baba imeingia mpaka kwa mtoto. Nyumba nzima mna nyota."

Watu wakapiga makofi. Agustina alimgeukia mumewe. Waitara hakuwa anamtazama yeye wala mtoto. Alikuwa anawatazama wale wanaume, mmoja mmoja, jinsi walivyokuwa wanamwangalia.

"Baba Robi," alimwambia, "tulisemaje?"

"Mara moja tu, Mama Robi. Wamenichagua."

Alishuka Alhamisi asubuhi. Buti za kuazima zilikuwa kubwa, akajaza matambara. Agustina alimfunga mkanda wa tochi kichwani, kwa sababu kama ni lazima ashuke, basi afungwe vizuri. Waitara alikuwa na furaha. Akamtania kwamba akikwama huko atabonyeza kitufe cha juu.

Jumatatu na Jumanne mvua ilikuwa imenyesha, na miti ya kushikilia udongo ndani ya duara ilikuwa imelowa. Alhamisi hiyo saa tisa alasiri Agustina hakusikia kishindo chochote. Alichosikia ni karasha kunyamaza, ya karibu kwanza, kisha ya pili, kisha zile za ng'ambo, hadi kilima kizima kikawa hakina sauti. Waliokuwa wanacheza wakaweka pedi chini, wakakimbia. Yeye hakukimbia. Alibaki ameshika nguzo, na kwenye kioo Mama Fimbo amesimama, anasubiri mtu aje.

Walikuwa wanne chini duara lilipoporomoka. Wawili waliokuwa karibu na kamba walitolewa hai, midomo imejaa tope. Wa tatu alitolewa mguu umevunjika. Waitara alikuwa mbele ya wote, kwenye jiwe jeupe, maana mwenye nyota ndiye anayetangulia. Walichimba siku mbili, na Nyangwine alichimba hadi kucha zikatoka. Siku ya tatu maji yakapanda kuliko pampu. Kisyeri akavua kofia, akasema shimo limemchukua, wakalifunika kwa magogo.

Alikuja bandani kutoa pole. Alilia, tena machozi ya kweli. Akasema nyota ya Waitara ilikuwa kubwa mno kwa jiwe lile. Waliokuja naye wakatikisa vichwa kukubali. Agustina aliwatazama akaelewa kwamba hakuna neno lolote duniani, la kwake wala la mtu mwingine, litakalowaingia hawa watu.

Kenyamonta hakuweza kurudi. Mama yake Waitara alipopigiwa simu hakupiga kelele, aliuliza swali moja, wamlaze wapi, kwa sababu mtu wa boma lile hulazwa kwenye boma lile. Agustina alikaa na simu sikioni mpaka salio likaisha. Alikuwa hana cha kumpelekea. Hata kandambili.

Baada ya wiki tatu alifungua banda tena. Mtoto lazima ale, na cherehani ilikuwa Mugumu kwa Ashrafu.

Akaja mgeni mmoja, Sylvester, mwanamume wa makamo kutoka Natta, aliyekuwa akifua mashuka kwenye kambi ya watalii hadi walipompunguza. Alikuwa mpole. Alizungusha winchi kwa mtu. Akashika ile pedi yenye mpira wa baiskeli, akaigeuza geuza, akamwuliza Agustina kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie.

"Shemeji, mimi mgeni. Nianze na nani?"

Kwenye kioo walikuwa wamepangwa wote kumi na wanane, na Mama Fimbo pembeni kwenye mstari wa chini, fimbo begani. Agustina hakumtazama.

"Lori," alisema.

Sylvester alipigwa raundi mbili kabla hajajua pa kubonyeza. Wakamcheka, wakamwuliza kama kule Natta alikuwa anapigana na mashuka. Akarudi kwenye foleni, akachagua Lori tena, akapigwa tena. Agustina alisikiliza kile kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile akaombea kitu. Aliomba wamcheke zaidi. Wamcheke mpaka aone aibu ya kukaa hapa, apande gari arudi kwa watoto wake.

Asubuhi Sylvester alikuja banda likiwa bado halijafunguliwa. Alimwamkia vizuri, akaomba amwachie begi lake hadi jioni. Kichwani alikuwa na mkanda wa tochi.

"Jana wamenicheka sana, shemeji," alisema. "Leo nashuka. Mara moja tu, wanione."

Agustina alipokea begi. Lilikuwa jepesi. Alitaka kusema, lakini maneno yote aliyokuwa nayo alikuwa ameshayasema kwa mzee Kisyeri, na mengine aliyaonyesha kwa mkono wa mtoto wake mwenyewe. Akamtazama anavyopandisha kilima, buti mpya zikiteleza kwenye majani.

Karasha ya kwanza ikaanza kunguruma. Nyuma yake, kwenye benchi, Robi alikuwa ameifikia pedi. Televisheni ilikuwa imezimwa, lakini mtoto alikuwa anakipiga kile kitufe cha juu, kwa kiganja kizima, akisubiri fimbo izunguke.