Barua Ndani ya Bakuli

Nje ya lango la hekalu la mungu Ptah, Merut huuza mabakuli, na jirani yake, mwandishi mzee, huandika ndani ya mabakuli hayo barua za kupelekwa kwa wafu makaburini. Merut angemtambua hata akiwa amefumba macho: tone la maji chini kwa ajili ya mungu wake, kikohozi kimoja, kisha kalamu ya tete ikikwaruza udongo. Huandika kwa vitenzi vya kale ambavyo walio hai wameshaviacha, na hukueleza kila neno lilizaliwa na neno gani, kidole chake cheusi kwa wino kikilifuata kama cha mnunuzi anayepapasa mbavu za punda. Mteja akibisha, humjibu kwa upole, "Wafu husema hivi."

Leo mjane Wabet alimkatiza. "Mzee, mume wangu alikuwa mchonga mawe. Akisikia hayo atadhani barua ni ya mfu wa kaburi jirani! Mwambie: amka, ndugu yako ananifukuza nyumbani kwako." Merut akangoja kusikia mjane akikaripiwa. Mwandishi alitupa jicho upande wa pili wa soko, ambako shemeji yake Wabet alikuwa akichagua vitunguu, akafuta kwa dole gumba mstari mzima wa vitenzi vyake, akaandika upya kwa lugha ya sokoni. Kisha akaisoma barua kwa sauti ambayo Merut hakujua kama anayo. Soko zima likageuka. Shemeji akaviacha vitunguu.

"Niwekee bakuli jingine," mwandishi akamwambia Merut, kwa upole wake uleule. "Huyu bwana atataka kujitetea kwa kaka yake."