Haki ya Kuzikwa Kilimani

Mjomba wangu Colman Hanniffy, alipoambiwa na daktari kwamba moyo wake umechoka, hakuuliza amebakiwa na muda gani. Aliuliza kama kaburi namba arobaini na mbili limeshapata mtu.

Halikuwa limepata. Katika makaburi mapya ya kijiji chetu cha Kilgarrow, magharibi mwa Ayalandi, yale ya kule chini karibu na mtambo wa majitaka, watu huzikwa kwa foleni kama wanaopanda basi: huchagui dirisha. Namba arobaini na moja ilikuwa imeshachukuliwa na Packie Durkan, jirani yetu, mzima wa afya, ambaye alipenda kujiandaa mapema. Na Mjomba na Packie walikuwa na miaka arobaini ya ugomvi juu ya lango. Lango lenyewe ni la mabomba matano ya chuma, limeota kutu, liko mpakani mwa mashamba yao. Packie hulipita. Packie halifungi. Kesi yote ndiyo hiyo, na Ulaya imewahi kupigana vita kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Nilale naye ubavu kwa ubavu mpaka kiyama?" Mjomba alifoka jikoni. "Parapanda ikilia atatangulia kutoka yeye, aniachie kaburi wazi upepo uingie!"

"Basi usife," alisema mkewe, Attracta, bila kuacha kukata mkate wa zabibu. "Mbona jambo dogo."

Njia ya kutoka kwenye foleni ilikuwa moja tu, nayo ni Kilimani. Makaburi ya zamani ya Kilimani yanatazama bahari, udongo wake mkavu, na maiti wa huko wanasifika kwa kutolalamika. Halmashauri iliyafunga miaka thelathini iliyopita, ila kwa mtu atakayeleta karatasi kuthibitisha kwamba damu yake imeshalala pale. Karatasi hiyo hubandikwa mlangoni pa kanisa siku thelathini, mwenye pingamizi aseme.

Mjomba hakuona shida. Kama kuna mtu katika jimbo zima la Mayo aliyewajua wafu wake, ni yeye. Miaka thelathini na minane aliajiriwa kutengeneza barabara za wilaya, akiegemea koleo, au koleo likimwegemea yeye, wakaguzi hawakuwahi kukubaliana. Muda wote huo kichwani alikuwa akitengeneza ukoo. Hakuna matanga aliyohudhuria ambayo, baada ya glasi ya pili, hakusimama kuwataja akina Hanniffy kizazi baada ya kizazi, hadi kumfikia Martin Hanniffy wa mwaka 1847, yule aliyebomolewa nyumba na kabaila wakati wa Njaa Kuu, akalala mtaroni na mkewe na watoto watatu, akala majani, lakini akakataa supu.

Supu hiyo ndiyo kilele cha hotuba. Njaa ilipokuwa inaua, wahubiri wa Kiprotestanti walipika supu wakawapa waliokubali kuihama misa na kuingia kanisani kwao. Aliyeinywa, wajukuu wa wajukuu zake bado huitwa watu wa supu. Cha ajabu, ukizunguka Ayalandi nzima leo hutampata mtu ambaye babu yake aliinywa. Masufuria yalitiwa maji, yakachemka, yakaisha, na hakuna aliyekunywa. Nadhani yote iligeuka mvuke.

Wamarekani waliokuja kutafuta asili yao walimpenda Mjomba kuliko kanisa. Aliwapeleka kwenye rundo la mawe kando ya lile lango, akavua kofia, akasema kwa sauti nzito, "Hapa ndipo walipofukuzwa watu wako." Familia kumi na saba kutoka Boston zimelia machozi juu ya mawe yale. Lilikuwa banda la nguruwe la baba yake Packie.

Kwa supu, kijiji kilikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole: Bi Olive Sproule, Mprotestanti wa mwisho wa Kilgarrow, mwenye ufunguo wa kanisa lao dogo lisilo na waumini. Utotoni, Mjomba ndiye aliyewaongoza wenzake kugonga vijiko kwenye sahani kila Olive alipopita kwenda shule.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo kijijini nilihesabiwa msomi asiye na kazi, nikapewa kazi ya kutafuta karatasi. Haikuwa rahisi. Baba yake Mjomba alifia Uingereza akijenga barabara zao, akazikwa huko. Babu yake alizikwa Sligo kwa wakwe zake. Tukaenda kwa Padri Tiernan. Akatufungulia madaftari ya parokia, na kati ya 1846 na 1852 palikuwa na ukurasa mmoja tu, nao una picha ya kuku.

"Padri wa enzi hizo alikufa kwa homa," alisema Padri Tiernan. "Aliyeshika kalamu baadaye alikuwa na moyo wa kisanii. Kitabu pekee cha miaka hiyo kiko kwa Olive Sproule."

"Kwa nani?"

"Umesikia, Colman."

"Bora nilale na Packie," alisema Mjomba, akatoka.

Alishikilia msimamo huo siku nne. Siku ya tano Packie alipita langoni, akaliacha wazi, akageuka. "Ee, Colman! Nasikia tutakuwa majirani huko chini pia. Mimi hukoroma, ujue."

Mjomba akaenda kuvaa suti.

Bi Olive alitufungulia mlango kabla hatujabisha. Alikuwa na miaka themanini na miwili, mwembamba kama ufito, na mezani birika lilikuwa tayari na vikombe vitatu.

"Karibu, Colman. Nimekungoja tangu Baba aniachie kitabu, mwaka sitini na tatu. Ulichelewa barabarani?"

"Nimekuja kwa shughuli ya karatasi, Bi Olive."

"Najua. Kaa. Hiyo suti itapasuka ukiendelea kuvuta pumzi hivyo."

Akafungua kitabu kikubwa cha ngozi moja kwa moja kwenye ukurasa, bila kutafuta, kama mtu anayefungua dirisha la nyumba yake. Akasoma polepole. Februari 1847: wamepokelewa kanisani Martin Hanniffy, mkewe Honor, na watoto watano.

Mjomba alikuwa ameshika kikombe. Akakirudisha mezani kwa mikono miwili.

"Watatu," alisema. "Martin alikuwa na watoto watatu. Nimewataja kwenye matanga miaka hamsini."

"Ulitaja waliobaki. Sikiliza." Akapeleka kidole chini. "Tarehe mbili Machi, amezikwa Kilimani, kando ya ukuta, chini ya mti wa miiba, Honor Hanniffy, binti, miaka minne. Tarehe tisa Machi, papo hapo, Dominick Hanniffy, miezi kumi na minne. Supu iliwafikia wamechelewa. Hao wengine waliishi. Huyu Peter ndiye unayetoka kwake. Hilo tumbo lako, Colman, lilianza na kijiko hicho."

Mjomba alikivuta kitabu, akasoma mwenyewe.

"Na nyinyi?" Mjomba aliuliza mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika. "Akina Sproule mliinywa lini?"

"Sisi? Hatukuinywa hata tone. Sisi ndio tulioipika. Walioinywa ni nyumba kumi na moja za hapa, na viazi viliporudi shambani wote wakarudi kwa padri wenu, wakasahau."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Baba aliniapisha: kitabu hiki hasomewi mtu mpaka mwenyewe aje aombe. Halafu, nikwambie kweli, ilinifurahisha. Kila mwaka ulipohutubia pale kwenye mnara wa kumbukumbu ya Njaa Kuu, mimi nilifungua ukurasa wenu nikanywa chai." Akammiminia tena. "Na vile vijiko. Ulikuwa na mdundo mzuri, sikatai."

Mjomba alitaka kusema kitu. Kikatoka kikohozi. Bi Olive akakipokea kama samahani, akampa nakala ya ukurasa, imeshaandikwa kwa mkono, tarehe tu ndiyo iliyobaki wazi.

Nyumbani Attracta aliisoma mara mbili. "Sasa una haki ya Kilimani," alisema. "Na siku thelathini kijiji kizima kitasoma kwamba Hanniffy ni mtu wa supu. Au uichome jikoni hapa, ulale na Packie, heshima yako safi. Chagua, mzee. Moyo wako hauna nafasi ya mikutano."

Mjomba alikaa na ile karatasi mpaka chai ikapoa, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwake. Nilidhani anamfikiria Packie.

"Minne," alisema. "Alikuwa na miaka minne, na sisi tukamfuta ili tuonekane hatukuwa na njaa." Akavaa kofia. "Niletee pini za kubandikia."

Kilgarrow haijawahi kusoma kitu kwa bidii kama ile. Watu ambao hawakuonekana misani tangu ubatizo wao walifika mlangoni pa kanisa na miwani. Jumatatu yake asubuhi tukasikia sauti shambani: nge, nge, nge. Packie alikuwa amesimama langoni, anagonga mabomba kwa kijiko.

"Supu ya leo ni ya nini, Colman? Karoti?"

"Mabaki ya babu zako, Packie! Ya mwaka arobaini na saba!"

Halikuwa jibu kamili, lakini Packie aliondoka na kijiko kikiwa mfukoni, akifikiri.

Siku thelathini zikaisha bila pingamizi. Mwenye pingamizi angelazimika kuleta ushahidi wa kitabu, na kijiji kilikuwa kimeanza kukiogopa kitabu. Kikaanza pia kukitamani, maana nani asiyetaka kulala pakavu akitazama bahari? Mlango wa nyuma wa Bi Olive ukawa na njia majanini. Walikwenda mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya anapeleka mayai. Bi Olive alinunua birika la pili, akaniambia hajala vimanda vya mayai namna ile maishani mwake.

Mjomba naye akabadilika kidogo, si sana. Wamarekani wakija, sasa huwaambia wazi: hili lilikuwa banda la nguruwe. Wanalia vilevile.

Mwezi wa tano tulisimamisha jiwe Kilimani, chini ya mti wa miiba. Juu kabisa Honor, miaka minne. Chini yake Dominick, miezi kumi na minne. Kisha nafasi, na chini Colman Hanniffy, tarehe moja ikiwa imechongwa na nyingine ikisubiri. Mjomba alikuwa anang'oa majani pembeni, yaani mimi nilikuwa nang'oa naye ameegemea koleo, Packie alipopanda mlima akihema, na karatasi ya Bi Olive mkononi.

Akalisoma jiwe kuanzia juu. Hakuwa na kijiko.

"Wako ni wawili," alisema.

"Wawili."

"Wangu wanne. Wote ndani ya wiki moja." Akaikunja karatasi vizuri, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Wako pale, kwenye kona. Nami nitalala nao."

Mjomba akatazama kona. "Basi watakuwa wanajuana," alisema.

Packie akaitikia kwa kichwa, akashuka zake. Akatoka kwenye lango la makaburi, akaliacha wazi linapigapiga na upepo. Nikaziba masikio kungoja kelele. Hazikuja. Mjomba alikwenda mwenyewe, polepole kwa sababu ya moyo, akalifunga. Halafu badala ya kurudi moja kwa moja alianzia pale konani, akaja anahesabu hatua kwa sauti mpaka kwenye jiwe lake.

"Sita," alisema, akitazama bahari kwa huzuni. "Saba zingenitosha."