Mtihani wa Nyuma ya Pazia

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima huko Dunda, Bagamoyo. Darasa langu lilikuwa la akina mama, wakati wa alasiri, wakishaosha vyombo vya mchana. Mmoja wao alinivutia kwa usomaji wake: hakuruka neno. Akikwama, hukaa hapo hapo, akalizungusha neno mdomoni mpaka limtii.

Juma la upimaji lilimkuta yumo edani. Mumewe alikuwa amefariki, na kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, haonekani na wanaume wa kando. Mtafiti aliyekuja kukusanya takwimu za kisomo alikuwa kijana wa bara, mpole, viatu vyake bado vina vumbi la Makurunge, kijiji alichotoka kupima. Karatasi yake ilikuwa na nafasi tatu tu: amefaulu, hakufaulu, ameacha. Asiyefika darasani aliandikwa ameacha, na aliyeacha alirudishwa kuanza na herufi, pamoja na wageni.

Nikamweleza eda ni nini. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Sasa, Mwalimu, mtu kama huyo nimwandike wapi?"

"Usimwandike bado. Twende kwake."

Tulipopiga hodi alitoka shangazi wa mjane. Mtafiti akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Nikaeleza haja yetu. Shangazi akateremsha pazia la mlango wa chumba, akatutandikia mkeka ukumbini. Mimi, kwa kuwa mwanamke, ningeweza kuingia, lakini mtafiti alinizuia kwa adabu: mwalimu asije akamnong'oneza mwanafunzi wake. Alikuwa na haki. Nikakaa.

"Na nitajuaje kuwa anayesoma ni yeye?"

"Sauti yake naijua," nikamwambia.

"Ukitaka na uso," shangazi akadakia, "ngoja eda iishe, ulete posa."

Kijana akainama, akicheka. "Basi wewe, Bibi, ukiingia usimsaidie."

"Nimsaidie mimi? Mimi kitabu nakishika miguu juu."

Mtafiti akafungua kitabu cha usafi wa maji kwenye ukurasa ambao tulikuwa hatujaufikia, akakipitisha chini ya pazia. Sauti ikaanza, ndogo lakini thabiti. Ilitembea mstari baada ya mstari, ikafika kwenye "yasiyochemshwa," ikasimama.

Midomo yangu ilikwisha kulitamka bila sauti. Mtafiti alitaka kusema neno, nikamwashiria angoje. Mle ndani tulisikia "yasi... yasiyo...", kisha "yasiyoche...", kisha neno zima likatoka, safi, na sauti ikaendelea mpaka nukta ya mwisho. Nimefundisha wengi tangu siku hiyo. Ustahimilivu kama ule nimeuona mara chache.

Ikabaki kuandika. Aliambiwa aandike lolote lake mwenyewe. Karatasi ilichelewa kutoka. Mtafiti aliisoma kwa sauti, taratibu:

"Mwalimu, wenzangu wamefika wapi? Sitaki kuachwa. Naomba waje wasomee ukumbini kwangu mpaka eda yangu iishe."

Akatia alama penye amefaulu. Pembeni, mahali ambapo hapakuwa na nafasi, akaandika kwa herufi ndogo: yumo edani, anaendelea. Kisha akautazama ukumbi, ukuta hata ukuta.

"Bibi, darasa zima litaenea hapa?"

"Wataenea," akasema shangazi. "Ila kila mtu aje na mkeka wake."